Jipu la Kifandugu Lahitaji Siku za Kupona



Nilikuwa dereva wa trekta katika shamba la miwa, kijana bado, nilipoota jipu juu kidogo ya mwanya wa matako, penye mfupa wa kifandugu. Nilinyamaza. Nani atamwambia nyapara kwamba anaumwa mahali hapo? Wiki mbili niliendesha nimeketi upande mmoja, hata siku homa iliponiangusha na usaha ukalowesha suruali. Wenzangu walidhani ni bawasiri. Wengine walinong'ona kwamba ni ugonjwa wa zinaa. Si hilo wala lile.

Daktari alipopasua alitoa nywele. Mahali pale pana jasho na msuguano, na kiti kinatikisika kutwa. Nywele iliyokatika huchoma ngozi ikaingia ndani kama mwiba, na mwili huizungushia mfuko. Vijidudu vikiingia, mfuko unajaa usaha. Kati ya 1941 na 1945 askari wa Marekani karibu 80,000 walilazwa hospitali kwa maradhi haya, wakayaita ugonjwa wa Jeep, kwa sababu ya zile gari. Hata vinyozi huyapata, katikati ya vidole, kwa nywele za wateja. Kwetu Waafrika hayaonekani sana, ndiyo maana anayeyapata hajui ni nini.

Jipu lililojaa usaha hupasuliwa ili usaha utoke. Vidonge peke yake havitoshi. Maumivu hupungua upesi, na hapo ndipo wengi hudanganyika wasirudi kwa daktari. Mfuko na vile vitundu vidogo vya ngozi vikibaki, jipu laweza kurudi.

Likirudi, daktari huweza kukata mfuko wote. Pengine huacha kidonda wazi, kikafungwa shashi safi kila siku kijae nyama kutoka chini kuja juu. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au zaidi. Pengine hushona. Lakini mshono ukipita katikati ya mwanya huchelewa kupona, na ugonjwa hurudi zaidi. Mwaka 1973 daktari wa Ugiriki, Karydakis, aliandika juu ya njia yake ya kushona pembeni, na mshono wa pembeni umeonekana kuwa bora. Basi usione haya kumwuliza daktari: je, utaacha wazi, au utashona, na mshono utakaa wapi?

Changu kiliachwa wazi. Siku ya kumi na moja nyapara aliniita. Dresa wa zahanati alikuwa ameandika "kazi nyepesi", lakini kazi nyepesi haikuwapo ila trekta lile lile. Kidonda kilichimbika upya, nikakatwa mara ya pili. Miezi minne ilipita kabla sijaketi vizuri, na mke wangu alilima vibarua ili tule.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 hapa Uganda iliweka mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi mfanyakazi ametimiza mwezi mmoja kazini, atoe habari mapema, na alete cheti cha daktari akitakiwa. Lakini ilimpa mwajiri nafasi ya kuvunja mkataba ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili. Hesabuni wenyewe: kidonda kilichoachwa wazi chaweza kula miezi yote miwili.

Kwa hiyo mwenye uvimbe pale aende mapema, na cheti kiandikwe idadi ya siku, pamoja na neno "asiketi kwenye trekta wala lori". "Kazi nyepesi" tu haitoshi, nimeiona. Nanyi viongozi wa matawi, mnapokaa na mwajiri juu ya mkataba, daini mambo matatu: nafasi ya mgonjwa isivunjwe kabla kidonda hakijafunga, shashi za kutosha ziwepo zahanati, na viti vya trekta vilivyokwisha sponji vitengenezwe.