Popo wa Pate Wana Makinda

Kila ninaposahihisha insha za wanafunzi juu ya utenzi wa Al-Inkishafi, nakutana na sentensi ile ile: "Popo ni taswira ya kifo." Wengine huongeza buibui, giza na magugu, wakaviweka vyote katika safu moja na kuandika maana ya kila kimoja pembeni. Siwalaumu. Ndivyo walivyofundishwa, na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka, mpaka siku moja nilipouliza darasani swali dogo: popo hao wananing'inia wapi? Darasa likanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa nimewahi kujiuliza.

Popo haning'inii hewani. Anahitaji boriti. Na boriti ikiwa ingalipo, basi paa lingalipo. Nilipofika hapo ilinibidi niurudie utenzi mzima tangu mwanzo, kwani nyumba niliyokuwa nimeijenga kichwani, gofu lililoporomoka na kuanikwa jua, sio nyumba aliyoiona mtunzi.

Tuanze na mtunzi mwenyewe. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, ukoo uliotoka Hadhramaut ukaenea katika visiwa vya Lamu. Aliishi katika karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, uliowahi kuwa na nguvu kubwa katika mwambao wa kaskazini chini ya masultani wa Kinabahani, ulipokuwa ukididimia. Vita vya ndani viliuchosha, biashara ikahamia kwingine, na katika miaka ya 1810 jeshi la Pate na washirika wake wa Mombasa likashindwa na watu wa Lamu pale Shela. Utenzi una beti zisizofika 80. Ulienea kwa nakala za mkono kabla ya William Hichens kuuchapisha London mwaka 1939, kisha James de Vere Allen akatoa toleo lake mwaka 1977. Lugha yake ni Kiamu cha kale, na hapo ndipo msomaji wa leo anapoanza kuteleza: maneno yanamshughulisha mno hata asahau kuvitazama vitu.

Mimi nasema tuanze na vitu. Kabla ya kuuliza taswira ina maana gani, tuulize ilikuwa kitu gani, kilikaa wapi, na nani alikigusa.

Nyumba ya mawe ya mwambao wa kaskazini ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, ikaezekwa kwa boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Unaingia kupitia daka, unafika kwenye kiwanda. Hapa kiwanda si mahali pa kutengenezea bidhaa. Ni ua wa ndani ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kutoka kiwandani unapita misana, kumbi zinazofuatana, mpaka ufike ndani, chumba cha wenye nyumba ambacho mgeni wa kawaida hakukifikia. Humo, kwenye ukuta unaokukabili, kulikuwa na zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, kila kimoja kikiwa na bakuli au sahani ya Kichina au chombo kingine cha thamani. Anayekwenda makumbusho ya Lamu leo anaweza kuziona zidaka na kuelewa mara moja kwamba hazikuwa rafu. Zilikuwa uso wa nyumba. Nasaba, biashara ya mbali na heshima ya bibi wa nyumba vilisomwa pale ukutani.

Sasa turudi kwenye utenzi. Mtunzi anatuambia kwamba juu wananing'inia makinda ya popo, na kwamba katika zidaka zilizokuwa na vyombo wamelala wana wa ndege. Anasema viwanda vimekuwa msitu. Anasema milango inamtisha mtu kwa ukimya na kwa giza lililojaa. Anasema katika kumbi za misana wanavuma nyende, wadudu ambao kusini tunawaita chenene au nyenje kutegemea ulikozaliwa. Mwishowe anamgeukia msikilizaji mwenye shaka na kumwambia aende mwenyewe akaite. Hatajibiwa na mtu, atajibiwa na mwangwi.

Zitazame picha hizo kwa jicho la fundi mwashi. Popo wanataka boriti. Giza linataka paa, kwa sababu nyumba iliyobomoka haina giza, ina jua. Mwangwi unataka kuta zilizosimama na chumba kitupu. Na magugu yameota wapi? Kiwandani, sehemu pekee ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa wazi kwa mvua. Kila kitu kinashuhudia jambo moja: nyumba hizi hazijaanguka. Zimeachwa juzijuzi. Chokaa ingali ukutani, zidaka zingali nzima kiasi cha ndege kuzikubali kuwa viota.

Hili linabadilisha sauti ya utenzi wote. Mtu akililia gofu la miaka mia tatu, analia juu ya historia. Mtu akisimama mbele ya nyumba yenye paa, anayejua chumba kipi kilikuwa cha nani, huyo analia msiba.

Na hao popo, basi, ni kifo? Mtunzi hakusema popo tu. Alisema makinda. Wala hakutaja ndege peke yao. Aliwataja wana wao. Neno la uzao limetumika mara mbili, mahali ambapo uzao wa watu ulikatika. Nyumba hizi zina watoto tena. Zina mama wanaolisha, zina vitanda vyenye joto, zina sauti za alfajiri, ila hakuna hata mmoja kati ya wakazi hao anayelijua jina la mwenye nyumba. Kwangu mimi hilo linauma kuliko mauti. Kifo kingekuwa chumba kitupu, na hapa uhai umejaa, unaendelea bila wao na bila kuwakumbuka. Mwanafunzi anayeandika "popo = kifo" amepewa picha hai akaigeuza kibao cha kaburi.

Fumbo jingine limo katika kina. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani 11, na pumziko baada ya ile ya 6. Mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina kinachobadilika ubeti hadi ubeti, lakini wa nne daima huishia kwa -ye, tangu mwanzo mpaka mwisho. Walimu hutaja jambo hili kama pambo la umbo na kuendelea mbele. Lakini sikiliza lugha. Kiswahili sanifu kinasema amelala, amesimama. Kiamu cha kale kilisema alele, asimeme, na kwa vitenzi vingi umbo hilo huishia kwa -iye. Ni umbo la tendo lililokwisha ambalo hali yake imebaki. Si kwamba mtu alilala zamani, wala si kwamba analala sasa hivi. Amelala na yu hali hiyo mbele yako. Si kila -ye ya utenzi ni ya aina hii, maana nyingine ni za kirejeshi na nyingine za umilikaji. Lakini zile zinazohusu nyumba na wafu zinaangukia hapo mara kwa mara, mwishoni mwa mshororo wa mwisho, mahali ambapo msomaji anayeghani huvuta sauti. Ubeti unafungwa kwa hali isiyoondoka. Ukiutafsiri kwa Kiswahili sanifu unabaki na habari. Ile hali ya kubaki vile inapungua.

Kabla ya kufika kwenye nyumba, mtunzi anauasa moyo wake. Huusemesha kama mzee anavyomsemesha kijana mkaidi: umelewa nini hata huoni dunia inavyokuhadaa? Hapo anapanga tashbihi nne za dunia ambazo vitabu vingi vya kiada huzitaja kwa mkupuo, na sioni haki kuzipita hivyo. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye miamba ya matumbawe. Dunia ni kisima kinacholindwa na ng'ombe mwenye kupiga pembe, kila anayesogea anapigwa asiyapate maji. Dunia ni vumbi linaloonekana katika mwale wa jua, ukilishika mkono unabaki mtupu. Dunia ni mazigazi ya adhuhuri, mwenye kiu anadhani ni maji, akakimbia.

Angalia, tatu kati ya hizo ni za maji. Tena ni maji yanayopungua. Baharini yapo tele lakini hayanyweki, na yanaua. Kisimani yapo na ni matamu, lakini yamezuiwa. Kwenye mazigazi hayapo kabisa. Vumbi limewekwa kabla ya mazigazi kama ngazi ya kushukia, kutoka kitu kilichopo usichokipata hadi kitu kisichopo unachokiona. Aliyetunga hivi aliishi kisiwani, amezungukwa na maji pande zote, na maji ya kunywa ni ya kisima na ya mvua. Kwa msikilizaji wa Pate au Lamu, kiu katikati ya bahari haikuwa fumbo la kishairi. Miamba hiyo pia aliijua kwa majina yake, na huenda alimjua mtu aliyeachia chombo chake pale.

Taa nayo inatokea kwa namna mbili. Mahali pamoja uhai wa mtu ni taa iliyowekwa kwenye upepo, ikizimika hakuna wa kuizuia. Mahali pengine taa ni za majumba ya matajiri, za vioo na shaba, zikiufanya usiku uwe mchana. Anayesoma haraka ataona sitiari upande mmoja na maelezo ya utajiri upande mwingine. Mimi naziona ni taa ile ile. Wenye nyumba walidhani wamejenga kuta nene za kutosha kuukinga ule upepo.

Kisha wanatolewa. Utenzi unatuonyesha vitanda, mito, manukato, watumishi wa kuwakanda na kuwapepea, halafu bila kituo unawalaza katika nafasi isiyozidi shubiri, bila zulia, mbavu zikibanwa. Wengi hupasoma hapa kama mahubiri ya kawaida juu ya kaburi, na kweli ni mahubiri. Ila aliyewahi kuhudhuria maziko ya Kiislamu mwambao anajua mwanandani: ule uwazi unaochongwa katika ukuta wa kaburi, upande wa kibla, ambamo maiti hulazwa kisha ukafunikwa kwa ubao. Mtu aliyezoea kuona vyombo vyake vikikaa katika vishubaka vya ukuta sasa amewekwa mwenyewe katika kishubaka cha ukuta. Sisemi kwamba mtunzi aliuandika mfano huo wazi. Nasema kwamba wasikilizaji wake waliviona vyote viwili kwa macho, zidaka nyumbani na mwanandani makaburini, na kazi ya fundi ni moja, kuchimba nafasi ukutani ya kuhifadhi kitu cha thamani.

Kuna wanaosoma Al-Inkishafi kama historia ya kuanguka kwa Pate, na kuna wanaosisitiza kwamba ni mawaidha ya kiroho ambamo Pate ni mfano tu. Wa pili wana hoja nzito, kwa kuwa utenzi unaanza kwa jina la Mungu na unaishia kwa kuyataja majina ya moto wa Jahannamu, na jina lake linatokana na Kiarabu chenye maana ya kufunuka. Vilevile washairi wa Kiarabu walikuwa na desturi ya kale ya kusimama penye mabaki na kulia, na sharifu msomi hakukosa kuijua. Lakini mshairi wa jangwani alilia penye alama za hema mchangani, za mpenzi aliyehama na kabila lake. Sayyid Abdallah alilia penye mawe, na waliokuwamo hawakuhama.

Zaidi ya hayo, anawataja. Anauliza wako wapi watu fulani, kwa majina yao, na miongoni mwao ni Ali bin Nasir pamoja na shemeji yake Abubakar. Lisome tena jina la mtunzi: Abdallah bin Ali bin Nasir. Mfano mtupu hauhitaji jina la baba. Aliyeuambia moyo wake uamke alikuwa amesimama kwenye mlango anaoujua, nyumba ingali na paa lake, akaita; na kilichomrudia kutoka gizani, kwa sauti yake mwenyewe, kilikuwa nusu ya jina lake.