Gari la kale lililofufuliwa: Kwa nini bei ya mtandaoni hailingani na risiti za fundi

Tangazo linawekwa jioni. Picha nane, Peugeot 504 nyeupe kama maziwa, rimu zinang'aa, na maelezo mafupi: "Imefufuliwa, kama mpya." Bei ni shilingi milioni 2.5. Kufikia asubuhi simu imejaa jumbe, na nyingi zinauliza kitu kimoja tu: "Bei ya mwisho?"

Wiki sita baadaye gari bado lipo, na jumbe zimekauka.

Wanaouza magari ya kale nchini Kenya wanaijua hali hii. Kwa wengi wao gari si kitu cha kujifurahisha tu. Ni Pijo ya mzee aliyeaga, au Land Rover iliyolala shambani miaka kumi kabla ya mtoto mmoja kuamua kuifufua kwa akiba yake. Sasa karo imefika, au kiwanja kinatakiwa kumaliziwa, na gari ndilo mali iliyobaki. Bei ikiwekwa juu mno, gari linakaa mpaka betri inakufa. Ikiwekwa chini, dalali analichukua asubuhi na kulitangaza upya jioni kwa bei yake.

Tatizo ni wapi?

Risiti si bei

Wauzaji wengi huanza kwa kujumlisha risiti. Tuseme, kwa mfano tu, bodi kuukuu ilinunuliwa kwa shilingi 250,000. Kunyoosha bodi na kupiga rangi kukala 400,000. Injini na gia 350,000. Siti, kapeti na dari 120,000. Vipuri vilivyoagizwa nje, pamoja na ushuru, 280,000. Hapo ni milioni 1.4. Mwenye gari anaongeza jasho lake la Jumamosi zote zile, anaongeza faida kidogo, na anafika milioni 2 bila kuona kama amezidisha.

Hesabu yenyewe ni sahihi, ila haimhusu mnunuzi. Mnunuzi ana maswali yake mawili: gari kama hili, katika hali kama hii, linapatikana kwa ngapi kwingine? Na mimi nikinunua bovu nikalitengeneza mwenyewe, nitatumia ngapi? Kama fundi wa kwanza aliharibu rangi na kazi ikarudiwa, mnunuzi halipii rangi mara mbili.

Hili si la Kenya peke yake. Hata Marekani na Uingereza, ambako biashara ya magari ya kale ni kubwa, gari la kawaida likifufuliwa kikamilifu mara nyingi hugharimu zaidi ya bei litakalouzwa. Yanayoepuka ni yale adimu yanayopiganiwa na matajiri. Peugeot 504 ya petroli si mojawapo, pamoja na mapenzi yote ambayo Wakenya wanayo kwake.

Na mapenzi yapo. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha ile ya V6 ikashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Iliunganishwa hapa hapa nchini, ikabeba abiria wa safari ndefu, mawaziri na walimu wakuu. Lakini historia ya modeli haipandishi bei ya gari moja moja. Kinachopandisha ni historia ya gari lenyewe, na hiyo inahitaji karatasi.

Bei iliyotajwa na bei iliyolipwa

Kosa la pili ni kufungua Jiji, PigiaMe au Facebook, kuona 504 tatu zimetangazwa kwa milioni 2, na kuamua kwamba hiyo ndiyo bei ya soko. Hapana. Hiyo ni bei wanayoiomba watu watatu ambao bado hawajauza.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye mitandao ya mnada. Bring a Trailer ya Marekani, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na kampuni ya Hearst mwaka 2020, huacha dau la mwisho la kila gari wazi kwa kila mtu, hata pale ambapo dau halikufika kiwango cha chini cha muuzaji na gari likarudi nyumbani. Mtu anayetaka kujua Land Rover Series III huuzwa vipi huko anaweza kusoma minada ya nyuma, moja baada ya nyingine, akaona picha, kasoro na pesa iliyofikiwa.

Ila kuchukua dola za huko na kuzigeuza shilingi ni kujidanganya. Mnunuzi wa huko hutoka soko lenye pesa nyingine, ana mafundi wengine, na bado kuna meli, ushuru na karatasi za kulitoa gari nchini.

Hapa nyumbani bei halisi hupatikana kwa kuuliza. Matangazo yaliyotoweka baada ya siku chache yana wenyewe, na wengi husema waliuza ngapi wakiulizwa kwa ustaarabu. Makundi ya wenye Beetle na Land Rover kwenye WhatsApp na Facebook yanajua nani aliuza na kwa nini. Fundi anayeshughulika na aina moja ya gari anajua zaidi kuliko wote, maana mnunuzi humpeleka yeye kukagua. Ripoti ya mthamini wa bima inasaidia kiasi, lakini imeandikwa kwa ajili ya bima. Kuibandika kwenye tangazo kama ushahidi wa bei hakumshawishi mtu anayejua magari.

Je, uchache hausaidii? Kwa kiasi. Kenya hairuhusu magari ya kawaida yaliyozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo magari mengi ya kale yanayouzwa hapa ni yale ambayo tayari yamo. Tanzania haina katazo kama hilo, ingawa gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Lakini uzee peke yake hauleti pesa. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Mexico Julai 2003, na vipuri vyake bado vinapatikana. Hilo linafanya iwe rahisi kuifufua, na ndiyo sababu hiyo hiyo bei yake haipai kama wengi wanavyotumaini.

Gari liko daraja gani?

Kampuni ya bima ya Hagerty, ambayo miongozo yake ya bei hutumiwa sana Marekani, hupanga magari ya kale katika madaraja manne. La kwanza ni gari la maonyesho, lisilo na kasoro. La pili ni zuri sana, lakini jicho la mtaalamu litaona kitu. La tatu ni gari zuri linaloendeshwa, lenye dosari ndogo. La nne linatembea, ila linaonyesha umri wake.

Karibu kila mwenye gari huliweka lake daraja moja juu ya pale linapostahili. Si uongo, ni mazoea: yeye analikumbuka lilivyokuwa kabla ya kazi. Mnunuzi anaona lilivyo leo.

Anayetaka kuona ukali wa macho ya waamuzi aende Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo. Waamuzi hawaishii kwenye rangi. Wanaingia ndani, wanafungua boneti, wanachungulia chini. Mnunuzi makini wa mtandaoni hufanya hivyo hivyo siku ya kuja kuliona gari, na huko chini ndiko bei inakoporomoka.

Kila gari lina ugonjwa wake. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, kwa hiyo nje zinaweza kupendeza huku chesisi, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria pia huoza. Beetle huoza sakafu, hasa chini ya siti ya nyuma palipo betri. 504 huanza kwenye kingo za chini za milango na ndani ya madigadi. Wengine huja na sumaku mfukoni kutafuta puti chini ya rangi. Kwenye bodi ya Land Rover sumaku haishiki popote, na kuna watu wameondoka wakidhani wamegundua siri kubwa.

Rangi mpya isiyo na picha za kazi ilivyofanyika humtia mnunuzi shaka. Rangi mpya yenye picha za bodi likiwa uchi, kutu ikikatwa na chuma kipya kikichomelewa, ina thamani kubwa zaidi. Anayefufua gari leo na hafikirii kuliuza, bado apige hizo picha kwa simu. Hazigharimu kitu.

Injini ya Toyota ndani ya Land Rover

Hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wanapogombana sana. Magari mengi ya kale nchini yamebadilishwa injini. Dizeli ya Toyota au Isuzu ndani ya Land Rover si jambo geni, na kwa mtu wa shamba Laikipia hilo ni jema: haliwaki kwa maombi, vipuri vinapatikana mji wowote.

Kwa mkusanyaji ni kinyume. Yeye anataka injini iliyotoka nayo, kabureta yake, hata saa za dashibodi zile zile. Kwa hiyo gari moja lina bei mbili, kutegemea nani anasoma tangazo. Muuzaji aamue mapema anamwandikia nani. Land Rover yenye injini ya Isuzu ikitangazwa kama "original" inakusanya hasira tu kwenye maoni. Ikitangazwa kama gari la kazi lililoimarishwa, inapata mtu wake.

Injini ya zamani, hata ikiwa imekufa, isiuzwe kwa wa vyuma chakavu. Iwekwe pembeni na itajwe kwenye tangazo. Kwa baadhi ya wanunuzi inabadilisha mazungumzo yote.

Na namba ya injini iliyomo ndani ya gari ilingane na iliyo kwenye rekodi. Ikiwa ilibadilishwa kimyakimya, ukaguzi na marekebisho vifanywe kabla ya tangazo, si mnunuzi akiwa amesimama getini na pesa.

Tangazo lenyewe

Picha zipigwe asubuhi au jioni, mahali wazi, bila vichujio vya Instagram. Pande zote nne, ndani, injini, buti, chini ya gari. Video ya sekunde thelathini ya gari likiwashwa likiwa baridi inaondoa maswali mengi kuliko aya tano za sifa. Kasoro zitajwe: saa ya petroli haifanyi kazi, mlango wa nyuma unafunga kwa kusukuma. Anayesafiri kutoka Kisumu na kukuta kasoro ambayo hakuambiwa hataomba kupunguziwa elfu kumi. Ataomba laki mbili, au ataondoka.

Bei iandikwe. "Inbox kwa bei" inafukuza wenye pesa na kuwabakiza wenye muda.

Logibuku ya marehemu

Hili limekwamisha mauzo mengi kuliko kutu. Gari la kale mara nyingi bado liko kwa jina la baba au babu aliyekufa. Familia imekubaliana kuuza, mnunuzi amekubali bei, kisha inajulikana kwamba hakuna anayeweza kulihamisha kisheria. Bila hati za mirathi kutoka mahakamani, zinazoonyesha nani amepewa mamlaka juu ya mali ya marehemu, umiliki hauhami. Kesi ya mirathi huchukua miezi, na ndugu mmoja asiyekubali anaweza kuifanya miaka.

Gari lenye karatasi zilizonyooka linastahili bei ya juu kuliko pacha wake lenye logibuku iliyopotea. Wanaouza bila kuhamisha jina, kwa makubaliano ya mdomo tu, huuza kwa hasara, na mnunuzi anayekubali hivyo anajua kwa nini anapata bei nafuu.

Pesa kabla ya funguo

Bei ya gari kwa kawaida haipiti kwenye M-Pesa kwa mkupuo mmoja, na ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia si pesa. Matapeli hutuma jumbe zinazofanana kabisa na za benki. Salio liangaliwe kwenye akaunti yenyewe. Hundi ndiyo hatari zaidi kwa sababu inaweza kurudi gari likishaondoka, na kwa vyovyote vile tangu 2009 hundi za zaidi ya shilingi milioni 1 hazipiti kwenye mfumo wa benki nchini. Mahali pazuri pa kukamilisha ni ndani ya benki, pande zote mbili zikiwa zimekaa.

Anayetaka kulijaribu barabarani aache kitambulisho chake, na mwenye gari akae ndani.

Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, kisha mnunuzi anathibitisha upande wake. Ufanyike siku hiyo hiyo pesa zinapoonekana kwenye akaunti. Mpaka jina libadilike, gari hilo likigonga mtu njiani kwenda Eldoret, polisi wataanza na jina walilolikuta kwenye rekodi.