Shaba, kobalti na diski inayokawia

Katika mgodi wa Kinsevere, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, mawe huyeyushwa kwa asidi, kisha umeme huivuta shaba hadi igande kwenye bamba. Mawe hayo yana kobalti pia. Metali zote mbili zimo ndani ya diski ya kuzunguka ya kompyuta: mota yake imesukwa kwa waya wa shaba, na utando wa sumaku unaotunza data juu ya sahani ni aloi ya kobalti, kromi na platini.

Diski za namna hiyo bado zimejaa kwenye kompyuta mpakato zilizotumika, na ndizo zinazozifanya zikawie kuwaka. Nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa kinachosoma kikihitaji faili, mkono wake husogea kwanza, kazi ya kama milisekunde 12, kisha husubiri sahani ilete mahali panapotakiwa, wastani wa milisekunde 5.6. Jumla hiyo inaruhusu safari zipatazo 60 tu kwa sekunde, ilhali kompyuta ikiwaka huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Kununua diski ya mizunguko 7,200 kunapunguza kusubiri hadi milisekunde 4.2. Mimi siioni kuwa nafuu ya kutolea pesa.

Dawa ni SSD, diski isiyo na kinachozunguka. Data hukaa kama chaji za umeme ndani ya chipu za flashi, teknolojia iliyoasisiwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Kipande chochote hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo mtumiaji huihisi. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi hupima jambo jingine, yaani kunakili faili kubwa kwa mfululizo: kuna njia mbili za kuiunganisha SSD na kompyuta, SATA na NVMe; ya SATA hufikisha megabaiti 550 hivi kwa sekunde, ya NVMe 3,500 na zaidi. Kwa barua, majedwali na intaneti, tofauti ya hizo mbili haionekani sana. Anayehariri video ndiye atakayefaidi NVMe.

Kabla ya kulipa, fungua kompyuta utazame. Ya zamani huwa na nafasi ya diski ya inchi 2.5, na hiyo inataka SATA. Mpya zaidi huwa na sloti ya M.2, ya kipande chembamba chenye upana wa milimita 22 na, mara nyingi, urefu wa 80. SATA na NVMe zote hutengenezwa kwa umbo hilo, na kuna sloti inayokubali moja tu. Soma mwongozo wa modeli yako. Kuingia kwa kipande hakuthibitishi kwamba kitafanya kazi.

Kwa anayebeba kompyuta garini kwenda mgodini, SSD ina faida nyingine kubwa. Kichwa cha diski ya kuzunguka huelea nanomita chache juu ya sahani, na mtikisiko wa barabara mbovu, diski ikiwa inafanya kazi, unaweza kukigonganisha nayo. SSD haina hatari hiyo. Kinachoitishia ni umeme kukatika ghafla wakati inaandika, hasa kwenye kompyuta ambayo betri yake imekufa. Basi betri ibadilishwe pamoja na diski, na picha za familia ziwe na nakala kwenye diski nyingine, kwa kuwa SSD inaweza kufa bila hata mlio wa kutahadharisha.