Gazeti Lisikiwalo: Kichwa cha Habari Baina ya Jicho na Sikio

Gazeti, kwa jinsi lielezwavyo kwa kawaida, ni karatasi iliyopigwa chapa ili watu waisome. Maelezo hayo yanatosha kwa upande wa mtambo. Kwa upande wa watu waliolipokea gazeti la Kiswahili yana upungufu mkubwa. Tangu *Msimulizi* lilipotoka Unguja mwaka 1888 na *Kiongozi* Tanga mwaka 1904, hata *Mambo Leo* lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, nakala moja aghalabu ilikuwa na msomaji mmoja na wasikilizaji wengi. Karani, mwalimu au kijana wa skuli alisoma kwa sauti. Waliomzunguka wakasikiliza, wakamkatiza, wakamtaka arudie, wakabishana juu ya neno moja kabla ya kumruhusu aendelee. Mashairi yaliyopigwa chapa humo hayakukusudiwa macho peke yake, maana shairi hughaniwa. Kwa hiyo hesabu ya nakala zilizouzwa haikupata kamwe kuwa hesabu ya watu waliopata habari.

Redio ilipokuja, yaani Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 na matangazo ya Kiswahili ya BBC kutoka London mwaka 1957, na punde baadaye redio ndogo za betri zisizohitaji umeme wa ukutani, kazi ya msomaji wa barazani ilichukuliwa na mtangazaji. Tofauti ilikuwa moja: mtangazaji hakatizwi. Wasikilizaji waliizoea hali hiyo kwa kuweka mabishano yao mwisho wa taarifa ya habari badala ya katikati, na redio ikawekwa mbele ya duka au kibarazani, pale pale lilipokuwa likisomwa gazeti. Chombo kilibadilika, kikao hakikubadilika.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni lile lililotokea baada ya vituo vya watu binafsi kuanza katika Tanzania katika miaka ya 1990. Moja ya vipindi vilivyopendwa sana asubuhi kilikuwa ni kusoma magazeti: mtangazaji huchukua magazeti ya siku hiyo, akayafungua moja baada ya moja, akasoma vichwa vya habari na mara nyingi habari yenyewe, akatia na maneno yake. Hapo msomaji wa barazani alirudi, ila sasa barazani pake palienea nchi nzima. Wenye magazeti hawakufurahi, na si ajabu, maana aliyekwisha sikiliza hana haja ya kununua. Mwaka 2017 waziri aliyekuwa na dhamana ya habari aliagiza kwamba vituo visome vichwa vya habari tu na kuyaacha yaliyomo. Agizo lililenga kulinda biashara ya karatasi. Katika lugha, hata hivyo, lilikuwa na maana ambayo huenda haikukusudiwa: lilikifanya kichwa cha habari kuwa ndiyo habari nzima kwa msikilizaji, ilhali kichwa cha habari ni utungo uliobuniwa kwa ajili ya jicho.

Ubunifu huo una kanuni zake. Kitenzi cha kichwa cha habari cha Kiswahili hutumia njeo ya -a-, ijapokuwa jambo lenyewe limekwisha pita: *Rais afungua daraja*, *Bunge lapitisha bajeti*, *Bei ya unga yapanda*. (Mifano yote ya makala haya imetungwa kwa kufuata muundo wa kawaida, haikunakiliwa katika gazeti lolote.) E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliitenga njeo hii na ile ya -na-. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa ya bara, -na- imeenea hata -a- imebaki kwa wingi katika nafsi ya kwanza, *nasema*, *naja*, na katika maandishi ya adabu. Magazeti yameipa makao mapya. Sababu ya kwanza ni nafasi: *anafungua* ni herufi tisa, *afungua* ni saba, na kwa kuwa vitenzi vya silabi moja havichukui *ku-* katika njeo hii, *anakufa* ya herufi saba huwa *afa* ya herufi tatu. Mpanga chapa ambaye safu yake ni nyembamba haoni sababu ya kusita. Sababu ya pili ni kwamba -a- haifungi tendo katika saa maalumu, na kichwa cha habari hupenda jambo la jana lionekane bichi.

Jicho halipati taabu. Sikio ndilo linalopata. Kiambishi cha mtenda kinapoungana na -a-, katika ngeli zisizo za watu hutoka umbo lile lile la kiunganishi cha umilikaji: *wa*, *ya*, *la*, *cha*, *vya*, *za*. Katika karatasi, nafasi baina ya maneno huonyesha kwamba *Moto wateketeza soko* si *moto wa* kitu fulani, na kwamba *Ajali yaua kumi* si *ajali ya ua*. Katika sauti nafasi hiyo haipo. Kuna mkazo tu, na mtangazaji anayesoma mbio huupoteza. Ushahidi kwamba sikio linachanganyikiwa unaonekana katika ujumbe wa simu, ambamo watu wengi huandika *moto wa teketeza soko*, wakikitenga kiambishi kana kwamba ni kiunganishi. Walimu huhesabu jambo hilo kuwa uzembe wa tahajia. Huenda ni zaidi ya hapo: ni mwandiko wa mtu aliyejifunza muundo huu kwa kusikia kabla ya kuusoma.

Kuna na matatizo mengine, mengine ya kuchekesha. Kichwa cha habari hupenda kumficha mtenda, na *na* ya Kiswahili hubeba kazi nyingi, hata *Akamatwa na meno ya tembo* ikawa na tafsiri mbili, moja ya polisi na moja ya porini. Msomaji hucheka, akashuka mstari wa pili, akapata ukweli. Msikilizaji asiyesomewa mstari wa pili hana pa kushukia.

Simu ya mkononi imelizidisha jambo hili kwa kadiri ambayo redio haikuweza. Picha ya ukurasa wa mbele hutumwa alfajiri, pengine kabla gari la magazeti halijafika mkoani, na mpokeaji huipeleka kwa jamaa zake. Yaliyomo ndani hayamo katika picha. Wengine husoma vichwa hivyo kwa sauti, wakajirekodi na kutuma sauti hiyo kwa wazee wasioona vizuri. Wema huo ni ule ule wa kijana wa skuli wa zamani, isipokuwa mzee hawezi kumkatiza akamwuliza: nani kasema? WhatsApp ilipunguza idadi ya watu au vikundi vinavyoweza kupelekewa ujumbe kwa mara moja kuwa vitano mwaka 2019, na mwaka 2020 ikaruhusu ujumbe uliokwisha pelekwa mara nyingi upelekwe kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kila mara. Hatua hizo huupunguzia ujumbe kasi. Hazirudishi sehemu ya habari iliyokatwa.

Na sehemu iliyokatwa ndiyo aghalabu inayomlinda mtu. Mazungumzo ya Kiswahili yana maneno ya kuonyesha kwamba msemaji hakushuhudia: *eti*, *nasikia*, *yasemekana*. Gazeti, kwa kuogopa mahakama, limechagua *adaiwa*. Katika *Mfanyabiashara adaiwa kutorosha fedha*, neno hilo moja limebeba dhamana yote ya kwamba mtu huyu hajahukumiwa. Lakini *kudaiwa* katika maisha ya kila siku ni kuwa na deni, na msikilizaji anayepata kichwa hicho bila habari yake husikia mfanyabiashara, deni na fedha zilizotoroshwa, mambo matatu yanayokaa pamoja bila shaka yoyote. Mtu huyo akiachiwa huru baada ya miezi, habari hiyo hupata sentimeta chache katika ukurasa wa ndani, ambao haupigwi picha.

Silaha nyingine ya mhariri ni alama. Huandika *Fedha 'zilizoibwa' zapatikana*, akitegemea zile alama mbili ndogo ziseme kwamba wizi haujathibitishwa. Au *Polisi: Alijiua mwenyewe*, nukta mbili zikisimama mahali pa *wasema kwamba*. Hakuna mtangazaji anayesoma alama za nukuu. Kinachotoka redioni, na katika sauti inayotumwa kwa simu, ni kwamba fedha zilizoibwa zimepatikana. Mhariri anayetaka shaka yake ifike barazani itambidi aiandike kwa neno, *zisemekanazo kuibwa*, na kutafuta nafasi ya herufi nane zaidi katika safu ambayo tayari imejaa.