Maji ya Mtoto, Sumu ya Samaki

Samaki wangu wa kwanza walikufa kwa usafi. Walikuwa sita, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Niliwanunua Kampala na kuwapakata kwenye basi kilomita 270 hivi hadi Mbarara. Jioni nikawajazia tangi maji ya bomba, meupe, yasiyo na chembe ya taka. Asubuhi wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Mtu aliyekulia Nakivale hashuku maji ya bomba. Pale kwenye makazi ya wakimbizi, tunaloogopa ni maji ya ziwani yasiyotibiwa. Dumu likinukia klorini, mama anapumua: leo hakuna kipindupindu. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mnywaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita. Kiasi hicho kinamkinga mtoto. Samaki kinamchoma matamvua, naye anakosa pumzi ndani ya maji safi kabisa.

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi. Maji yaache kwenye beseni pana, bila kifuniko, juani, siku nzima au zaidi, huku ukiyakoroga. Klorini huruka yenyewe. Kama maji yametiwa kloramini badala ya klorini, hiyo hairuki hivyo. Hapo utahitaji dawa ya thiosulfati kuivunja. Nilidhani pia maji ya mvua yangeniokoa, kumbe paa la bati huachia zinki, na samaki wengi hawaivumilii.

Majirani zangu waliotoka Uvira na Baraka, kandokando ya Ziwa Tanganyika, walinicheka walipoliona tangi. Samaki wa rangi kununuliwa kwa pesa! Kwao hao ni samaki wa mawe, watoto huwatazama wakioga. Ziwa hilo lina zaidi ya spishi 200 za jamaa hao wa perege, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Pierre Brichard alianza kuwasafirisha kutoka Bujumbura kwenda kwenye matangi ya ng'ambo. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi na pH yake, yaani kipimo cha asidi, inakaribia 9, kwa hiyo anayewafuga hutafuta maji ya namna hiyo.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Samaki hutoa amonia, na chakula kilichooza huiongeza. Katika maji ya uvuguvugu yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu kali. pH ikifika 9, sehemu hiyo inapita theluthi moja. Uchafu uleule ambao samaki mwingine asingeuhisi unamuua huyu.

Mfuko wa safari nao una hila yake, na niliijua baada ya kulipoteza kundi la pili. Njiani samaki wanapumua, hewa ya ukaa inashusha pH, amonia inatulia. Ukifungua mfuko, hewa ile inatoroka, pH inapanda na amonia inaamka. Basi uache mfuko uelee ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha fungua, wachote kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko yasiingie tangini.

Mimea husaidia kwa sababu inakula amonia. Vallisneria, yenye majani kama utepe, na Ceratophyllum, isiyo na mizizi na yenye manyoya kama mkia, zote huvumilia maji yenye madini. Nilizipanda kwanza, nikangoja wiki sita ili bakteria nao wanaokula amonia wajenge makao mchangani. Hata hivyo usiku mmea nao unavuta oksijeni. Umeme ukikatika Mbarara na pampu ya hewa ikazima, saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya mapambazuko. Tangu nijue hilo nimepunguza samaki. Tangi la lita 100 kwangu lina wanane tu, na rafiki zangu wanaliona tupu.

Kuhusu dawa nina neno moja: soma kibandiko. Dawa yenye shaba huwaua konokono na uduvi, na kambare, asiye na magamba, huumizwa na kipimo ambacho perege anakivumilia.

Ukichoka na tangi, usimwage mimea wala samaki wake kwenye Mto Rwizi. Mto huo unapita Mbarara na kulisha maziwa ya Mburo na Nakivale, ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006, na maji yake huishia Ziwa Victoria. Gugumaji nalo lilitolewa Amerika Kusini kama ua la pambo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa tayari limeingia Victoria. Mimea usiyoitaka ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha ifukie.