Kuzamia timboni: maji yaliyotulia yana hila zake

Mtu wa pwani akiambiwa kuna watu wanaolipa pesa ili wazamie ndani ya timbo la mawe, atacheka. Kwani bahari imekauka? Lakini Uingereza jambo hili ni la kawaida, na naona lina funzo kwetu.

Stoney Cove, jimboni Leicestershire, iko mbali na bahari. Lilikuwa timbo la graniti, na maji ya chemchemi yalivutwa kwa pampu ili watu wachimbe. Kazi iliposimama mwaka wa 1958, shimo likajaa. Baadaye wapiga mbizi wa visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini walifunzwa humo. Leo wanafunzi huanzia kwenye ngazi ya mita 6 hivi, kisha ya mita 20 na ushei. Chini kabisa ni kama mita 36.

Wanapapendea nini? Hakuna mkondo, hakuna bamvua wala maji mafu. Kina kinajulikana, na mkufunzi hawapotezi wanafunzi wake.

Hata hivyo, utulivu huo una hila. Kwanza, maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari. Mzamiaji hupunguza risasi kwenye mkanda wake. Muogeleaji asiye na vifaa huchoka upesi. Pili, juu huwa vuguvugu, lakini ukishuka kidogo unakutana na baridi ya ghafla inayokata pumzi. Tatu, tope la chini ni laini mno: teke moja tu, huoni mkono wako. Nne, kuta zimesimama wima, hakuna ufuo wa kutokea.

Sasa turudi nyumbani. Bamburi, kuanzia mwaka wa 1971, René Haller alipanda mivinje kwenye timbo la kiwanda cha saruji, na leo ni bustani ya Haller Park. Matimbo mengine huachwa wazi, mvua za masika zikayajaza, na watoto wetu wakayageuza bwawa la kuogelea. Mtoto aliyezoea bahari hudhani anayajua maji yote.

Stoney Cove kuna wakufunzi, vifaa na waokoaji. Timboni kwetu hakuna hata kamba. Kwa maoni yangu, anayemaliza kuchimba alazimishwe kufukia au kuzungushia ua, na sisi wazazi tuwaeleze watoto tofauti hizi nne kabla masika hayajaanza.