Wanaokaa Juu ya Tishari

Kati ya komuni sita za Kisangani, Lubunga peke yake ndiyo iko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Hapa ndipo inapoishia reli ya Ubundu, kilomita 125 zilizojengwa kukwepa maporomoko ya Boyoma, ambayo hakuna chombo kinachoyapita. Chini ya maporomoko mto hufunguka: kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji yanayopitika, na hakuna daraja hata moja njiani.

Kwenye maji hayo kuna watu ambao kuwaita abiria ni kuwapunja. Abiria hupanda, akafika, akashuka. Mama wa biashara anayepanda na shehena yake ya chumvi, sabuni na vitenge, akakaa juu ya tishari linalosukumwa na boti kwa wiki kadhaa, kisha akarudi na samaki wakavu na mahindi, huyo amehamia mtoni. Mabaharia wengi nao husafiri na wake na watoto. Nyumba yao ni sakafu ya chuma ya tishari, au mashua ndefu ya mbao yenye injini, ile inayoitwa balenyeri.

Nyumba hiyo ina taratibu zake. Mkeka ukishatandikwa, mahali pale pana mwenyewe, hata akishuka kununua kuni. Magunia ndiyo kuta, turubai ndiyo paa. Asubuhi moshi wa majiko ya makaa hupanda kila pembe, na sombe, yaani kisamvu, ya jirani hufika kwenye sahani yako kabla hujajua jina lake. Humwiti kwa jina hata hivyo: mwanamke aliyekuzidi umri ni mama au yaya, yaani dada mkubwa; nahodha ni papa. Kadiri chombo kinavyoshuka, ukipita Isangi na Basoko kuelekea Bumba, Kiswahili cha Kisangani kinaachia nafasi na bei zinatajwa kwa Kilingala. Watoto waliokulia humo huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kusita.

Soko halingoji bandari. Mitumbwi hutoka vijijini, ikapiga kasia kukikabili chombo kinachokwenda, kijana akadaka ukingo na kufunga kamba. Anauza kwanga (mkate wa muhogo), ndizi, mawese, samaki wa moshi; anachukua chumvi, dawa, betri. Akikosea mdako, mtumbwi hupinduka na mali ya wiki nzima huzama. Ustadi huu Walokele, wenyeji wa kingo za kuanzia Kisangani hadi Isangi, wamerithishana tangu zamani, nao ni wafanyabiashara wa mto kabla ya meli yoyote ya moshi. Habari zao zilikwenda kwa ngoma ya gogo yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha yenyewe. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949. Siku hizi simu ndiyo hutoa taarifa, pale mtandao unapofika.

Mbele kabisa ya chombo husimama mpima kina na ufito wake, akiutumbukiza na kutangaza maji yaliyobaki chini, maana mchanga huhama na mkondo wa mwaka jana si wa mwaka huu. Mtu huyu namheshimu kuliko wote walio chomboni. Giza linamnyima macho, na ndiyo maana mara nyingi mamlaka zimepiga marufuku balenyeri kusafiri usiku. Bado zinasafiri, zimejaa kupita kiasi, bila majaketi ya kuokolea, na kila mwaka familia zinazama. Jamii inayojua kugawana sakafu, moto na chakula kwa adabu namna hii haistahili kuachwa izame kwa kukosa maboya na taa za njia. Hivyo ni vitu vya fedha za serikali. Mama mwenye magunia hawezi kujinunulia.